Kabla ya kuchupa, tia bildi

*Swali la msomaji:* Mimi ni mwalimu wa malezi katika sekondari ya kutwa, Pangani. Nimepewa vipindi viwili vilivyoungana, dakika 80, niwafundishe kidato cha pili (wako 60) kujikinga na majeraha ya ubongo na uti wa mgongo. Mwaka jana tulialika mgeni akaonyesha picha za ajali. Watoto walilia, na wiki iliyofuata nikawaona wamepakiana mshikaki kama kawaida. Bajeti sina. Nifundishe nini, na nifanyeje ili wakifuate?

*Jibu:*

Mwalimu, picha za damu humtisha kijana, lakini hazimwambii afanye nini saa 1 asubuhi akiwa amechelewa, bodaboda imesimama mbele yake na wenzake wawili wameshapanda. Hofu isiyo na la kufanya haikai. Baada ya siku mbili anajiambia kwamba yule wa kwenye picha hakuwa mjanja kama yeye. Masomo ya namna hii yamepimwa katika nchi kadhaa, na matokeo hufanana: wanafunzi hujibu mtihani vizuri zaidi, ila mwenendo wao hubadilika kidogo. Kwa hiyo dakika zako 80 zitumie kwa mikono zaidi kuliko kwa mdomo. Kila utakachofundisha kiwe kitendo ambacho mwanafunzi amekifanya mwenyewe darasani angalau mara moja.

Usijaribu kufundisha yote. Kwa mji wenye bahari, mto na pikipiki, chagua matatu: kuchupa majini, kupanda bodaboda, na kumbeba aliyeumia. Mpira na miti nitavigusa mwishoni, lakini hivyo vipe siku yake.

Anza na shingo, kwa dakika 15. Siku moja kabla, kata mabua machache ya majani ya mpapai, yale yenye uwazi ndani. Yaoshe utomvu, kwa sababu huwasha ngozi, uyaache yakauke usiku kucha. Kata vipande 7 vya sentimita moja na nusu kila kimoja. Hizo ndizo pingili 7 za shingo. Chemsha uzi mmoja wa spageti mpaka uwe laini, uulaze mezani, kisha uvishe vile vipande kimoja kimoja kama shanga. Zungushia selotepu kwa kulegeza ili vipande visitawanyike. Tengeneza sita, kila kundi la wanafunzi kumi lipate moja.

Waambie kwamba spageti ni ugwe wa mgongo, yaani mkanda wa neva unaoshuka kutoka kwenye ubongo ndani ya pingili. Kwa mtu mzima una urefu wa sentimita 45 hivi na unene wa kidole kidogo cha mkono. Halafu wape kazi: mmoja ashike ncha mbili na kuzisukuma zikutane, huku akikunja kidogo kwa mbele, kama kichwa kilichogonga mchanga huku mwili ukiendelea kuja na uzito wake wote. Kipande kimoja kitateleza mbele ya kingine. Wafungue selotepu wenyewe. Watakuta spageti imekatika, na mabua mengi hayana hata ufa. Hapo sema jambo moja tu, polepole: mfupa huunga, ugwe ukikatika hauungi. Daktari anaweza kuzinyoosha pingili na kuzifunga kwa vyuma, lakini hana uzi wa kushonea neva hizo.

Watataka kujua nini hutokea baada ya hapo, nawe wajibu kwa ukweli bila kutia chumvi. Ugwe ukiumia juu kabisa shingoni, hata kupumua hukatika, maana neva zinazoendesha kiwambo cha pumzi hutoka kati ya pingili ya tatu na ya tano. Pingili ya tano na ya sita ndizo wachupaji huvunja zaidi; aliyeumia hapo mara nyingi hukunja kiwiko, lakini vidole havishiki kijiko. Aliyeumia kifuani mikono yake ni mizima, miguu haina habari. Na kwa wote hao, mkojo na haja kubwa havisubiri tena ruhusa ya mwenyewe. Vijana hili hawalitarajii. Wengi hudhani kupooza ni kushindwa kutembea tu. Waambie pia kwamba aliyepooza hulazimika kugeuzwa kila baada ya saa mbili akiwa kitandani, kwa sababu ngozi isiyosikia maumivu huoza kwa kulaliwa, na vidonda hivyo pamoja na maambukizi ya mkojo ndivyo huwaua wengi ambao jeraha lenyewe halikuwaua.

Sasa maji. Kijana hachupi mahali asipopajua; huchupa pale alipochupa jana akatoka salama. Kosa liko hapo, na liko kwenye hesabu ambayo baba yake mvuvi anaijua bila kalamu. Maji hujaa kwa saa sita na kupwa kwa saa sita, lakini kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Kwenye pwani yetu, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji makuu hujaa karibu saa 10 alasiri, saa ileile watoto wako wanapotoka shule. Jumatatu ya bamvua wanachupa gatini, maji yamejaa, raha tupu. Waandikie ubaoni: dakika 50 mara siku 7. Ni dakika 350, karibu saa sita. Maana yake Jumatatu inayofuata, saa 10 ileile, ukuta uleule, wao wakiwa na joto lilelile, maji yamepwa na kina kimepungua kwa mita mbili au zaidi. Na maji ya mtoni yana rangi ya chai ya maziwa, chini huoni. Fungu la mchanga nalo huhama. Mvua moja kubwa ya masika inatosha kulisogeza. Wape wapige hesabu hii wenyewe kwa tarehe za mwezi huu. Somo zima la maji liko ndani ya hesabu hii.

Kisha watengeneze bildi, yaani kamba ya kupimia kina cha maji. Kamba ya mita tano, jiwe la kilo moja ncha moja, fundo kila baada ya mita moja, na kitambaa chekundu penye mita tatu na nusu, ambazo kwa kipimo cha manahodha ni karibu pima mbili. Kanuni iwe fupi: kitambaa kisipozama, kichwa hakitangulii. Kitambaa kikizama, wa kwanza huingia kwa miguu, tena kwa kushuka taratibu, akakague kama chini kuna nguzo, jiwe au chuma cha boti kuukuu. Anayeruka kutoka juu ya ukuta mrefu, zaidi ya mita mbili, hata pima mbili hazimtoshi, kwa hiyo huyo ni miguu siku zote. Kila kundi la marafiki lichague leo mtu wake wa kutia bildi. Usiliruke hili. Vijana wa umri huu huthubutu zaidi wakiwa wengi kuliko kila mmoja akiwa peke yake, kwa hiyo kanuni inayobaki ni ile ya kundi. Kijana aliyepewa kamba mbele ya wenzake ana kazi ya kufanya pale gatini, na kazi ina heshima kuliko woga.

Nenda kwenye pikipiki, dakika 20. Azima kofia ngumu nne au tano kutoka kijiwe cha bodaboda kilicho karibu, nzima na mbovu. Wanafunzi wachungulie ndani. Kofia ya kweli ina tabaka la foamu ngumu nyeupe, kama ile inayofungia televisheni dukani, lenye unene wa sentimita mbili na nusu hadi nne. Bonyeza kwa kidole gumba: foamu ya kweli haibonyei kirahisi. Ukikuta sponji laini ya godoro iliyobandikwa kwenye plastiki, hiyo ni kofia ya kumridhisha trafiki.

Kwa nini foamu? Wako kidato cha pili, fizikia wanayo. Kichwa kinachoanguka kutoka mita 1.5, yaani kimo cha mtu aliyesimama, hufika chini kwa mwendo wa kilomita 19 hivi kwa saa. Kikigonga lami husimama ndani ya milimita chache, tuseme 3. Kikiwa ndani ya foamu inayopondeka sentimita 3, umbali wa kusimama umeongezeka mara kumi, na nguvu inayoufikia ubongo imepungua mara kumi. Foamu inajitoa ipondeke yenyewe. Ndiyo maana kofia iliyokwisha kugonga hutupwa, hata kama ganda linang'aa, kwa sababu foamu iliyopondeka hairudi. Ukipenda jaribio, chukua mayai mawili na vikombe viwili vya plastiki, kimoja kitupu, kingine umekijaza foamu ya boksi kuzunguka yai pande zote na juu. Viangushe kutoka mita moja kwenye sakafu ya saruji. Fanya jaribio nyumbani kwanza, maana foamu iliyolegea hulivunja yai na somo lako pamoja nalo.

Halafu kila mwanafunzi avae kofia na apimwe na mwenzake. Ukingo wa mbele ukae vidole viwili juu ya nyusi. Wengi huivaa kisogoni ili uso uonekane, na paji la uso hubaki wazi. Akitikisa kichwa, ngozi ya paji isogee pamoja na kofia. Mkanda ufungwe, pawe na nafasi ya vidole viwili chini ya kidevu. Mwisho, mwenzake ashike ukingo wa nyuma aisukume kofia kwenda mbele. Ikitoka, ajali nayo ingeitoa. Utafiti wa nchi nyingi ukijumlishwa unaonyesha kwamba kofia ya pikipiki hupunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Asiyefunga mkanda asijihesabu humo.

Wasichana watakwambia kofia ya abiria inanuka, ina jasho la watu kumi, inaharibu nywele. Wana haki, na ukilipuuza hili umepoteza nusu ya darasa. Waelekeze kila mmoja awe na kitambaa chake chepesi cha pamba mkobani, avae chini ya kofia, afue jioni. Mwenye hijabu aivae kofia juu ya kitambaa kimoja chepesi, na pini azitoe pembeni ya kichwa, kwa sababu kofia ikigongwa huzisukuma ndani. Ncha za mtandio, ushungi na kanga zichomekwe. Nguo ikishikwa na mnyororo au gurudumu humvuta mtu shingo kwa ghafla, na shingo huvunjika hata pikipiki isipoanguka. Kukaa upande nako kuna hatari yake: aliyekaa hivyo hana magoti ya kubana, hutupwa breki ya kwanza tu. Suruali ya michezo chini ya sketi inatatua jambo hilo, na uongozi wa shule unaweza kuiruhusu rasmi.

Mshikaki haukatazwi kwa hotuba. Breki na magurudumu ya pikipiki hayakutengenezwa kwa abiria watatu, na dereva aliyesukumwa hadi juu ya tangi hageuzi usukani vizuri. Lakini hayo wanayajua. Wasichokuwa nacho ni maneno ya kumwambia mtu mzima bila kukosa adabu. Waigize wawili wawili, mmoja dereva, mmoja abiria: "Kaka, kofia ya abiria ipo?" "Kaka, punguza mwendo kidogo, sina haraka." "Samahani kaka, nishushe hapa, nauli yako hii." Wayaseme kwa sauti, mara tatu, mpaka aibu iishe. Kijana ambaye hajawahi kuitamka sentensi hiyo hataitamka kwa mara ya kwanza akiwa kwenye mwendo wa kilomita 70.

Dakika 20 zinazofuata ni za kumbeba majeruhi, na ukinibana nitakwambia hiki ndicho kipindi kitakachofanya kazi mapema kuliko vyote. Kwenye ajali zetu, wa kwanza kufika ni kijana wa jirani, si gari la wagonjwa. Naye kwa huruma humshika aliyeanguka mikono na miguu, au humkalisha kwenye bodaboda katikati ya watu wawili, kichwa kikining'inia. Pingili iliyokuwa imevunjika bila kuhama huhama wakati huo, na mtu aliyekuwa akichezesha vidole vya miguu hufika hospitali havichezi tena.

Mahitaji ni kanga mbili na ubao mpana wa urefu wa mtu, au mlango. Mmoja awe majeruhi, alale chali. Wa kwanza apige magoti kwenye utosi, ashike kichwa kwa viganja viwili pande za masikio, kikae sawasawa na mwili, asikivute. Huyu ndiye amiri. Hakuna anayesogea bila hesabu yake. Watatu wakae upande mmoja: mmoja bega na kiuno, mwingine nyonga na paja, wa mwisho miguu. Wa tano anashika ubao upande wa pili. Amiri ahesabu "moja, mbili, tatu", wote wamgeuze kwa pamoja kama gogo moja, ubao uingizwe, wamrudishe juu yake. Kanga zikunjwe ngumu ziwekwe pande zote mbili za kichwa, zifungwe pamoja na ubao kupitia paji la uso, kamwe si kupitia koo. Makosa utakayoyaona ni mawili: wa miguu huanza mapema kwa sababu miguu ni myepesi, na amiri husahau kichwa kwa kutazama ubao. Rudieni mpaka kitovu na pua vinageuka pamoja.

Wajue pia lini wasisubiri. Penye moto, maji yanayojaa au magari yanayopita kasi, wamtoe kwanza. Akitapika, wamgeuze wote kwa pamoja ubavu, kwa maana pumzi hutangulia shingo. Kofia aliyoivaa isivuliwe kama anapumua vizuri. Aliyechupa akaelea kifudifudi, wasimvute mkono kumpeleka pwani: wainyooshe mikono yake juu ya kichwa, waibane masikioni ishikilie kichwa, wamgeuze uso juu, na kama anapumua, wamshikilie hapohapo majini akielea mpaka ubao uje. Maji yenyewe humbeba. Na kabla ya siku ya somo, andika kwenye ukuta wa ofisi na wa darasa namba ya hospitali ya wilaya na za wenye pickup wawili wa mtaa. Mgonjwa wa mgongo hulazwa nyuma ya pickup juu ya ubao wake, hakalishwi.

Mpira wa miguu uongee na mwalimu wa michezo. Aliyegongana vichwa akaona kizunguzungu, akauliza swali lilelile mara mbili, au hakumbuki matokeo, anatoka na harudi siku hiyo, hata kama ni fainali. Apumzike siku moja au mbili, kisha arudi kidogo kidogo. Kinachowadanganya wengi ni yule anayeinuka, anaongea, anacheka, na baada ya saa chache anaanguka. Damu huwa inavuja polepole ndani ya fuvu. Kwa hiyo asiachwe peke yake usiku wa kwanza. Kutapika tena na tena, kichwa kinachozidi kuuma, usingizi usioamshika, degedege, mboni moja kubwa kuliko nyingine, mkono uliolegea, au maji meupe yanayotoka sikioni au puani, yote hayo ni hospitali mara moja. Asipewe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, kwa kuwa zinaweza kuongeza kuvuja damu, paracetamol inatosha.

Kuhusu miti, hesabu moja inatosha kubandikwa ukutani: kuanguka mnazi wa mita 10 ni kufika chini kwa kilomita 50 kwa saa. Maembe yaanguliwe kwa upembo, na mti uliolowa haupandwi. Na mwenye ndoo ya lita 20 kichwani akiteleza, aiachie ndoo. Ni kilo 20 juu ya shingo moja, na maji yatachotwa tena.

Mgeni mwalikeni tena, lakini awe mwingine. Mwaka 1986 madaktari wa upasuaji wa ubongo nchini Marekani walianzisha mpango wa kitaifa ambao baadaye uliitwa ThinkFirst, na nguzo yake ni mtu aliyeumia ubongo au uti wa mgongo anayesimama mbele ya wanafunzi na kuzungumza nao mwenyewe. Chama cha Walemavu Tanzania kinaweza kukusaidia kumpata mtu wa karibu. Mlipieni nauli, hakikisheni kiti chake kinaingia mlangoni na choo anakifikia, na mwulizeni mapema ni maswali gani hapendi. Asiletwe kama kitisho. Aje baada ya mazoezi, watoto wakishajua bua na spageti, awaeleze dakika moja kabla ya ajali ilikuwaje na siku yake ya kawaida sasa ikoje, kazi yake, ndoa yake, vikwazo vyake. Watamwuliza maswali ya watu wazima.

Halafu pima. Asubuhi tatu kabla ya somo, wanafunzi wawili wakae getini na daftari: wangapi wamekuja na bodaboda, wangapi wamevaa kofia iliyofungwa mkanda, pikipiki ngapi zimebeba zaidi ya abiria mmoja. Majina yasiandikwe, na asiadhibiwe mtu, la sivyo watashukia kona ya nyuma na hesabu yako itakuwa ya uongo. Rudia baada ya wiki mbili na baada ya miezi miwili, bandika matokeo ubaoni. Kofia zisipoongezeka, usiwarudishie hotuba. Nenda kijiweni ukamwone mwenyekiti wa bodaboda, uulize ni pikipiki ngapi zina kofia ya pili. Huenda ukakuta hazipo, na hapo kikao chako kinachofuata ni cha wazazi na madereva, pamoja na bei ya kofia mezani.